Mpiga Kayamba na Mwele Wake

Anayevuka Makupa kutoka kisiwa cha Mombasa hadi Kibarani ana Mji wa Kale mgongoni na bara ya Wamijikenda usoni, na pande zote mbili zinaujua ugonjwa unaotibiwa kwa kupigiwa. Mjini ni ngoma ya pepo. Kwa Wadigo na Wagiriama ni kayamba, matete yaliyoshonwa bapa yakatiwa mbegu ndani. Sifa humwendea mganga. Mimi ningewapa wapigaji, kwa kuwa ndio wanaomsikiliza mwele, yaani mgonjwa. Hawaji na wimbo mmoja wa dawa: kila pepo ana nyimbo zake na mapigo yake, basi hujaribu huu, wakajaribu ule, macho yakiwa mabegani mwa mwele. Usiomgusa huachwa. Unaomtikisa, japo kidogo, hushikwa, hurudiwa, hukazwa, hata kuche. Mwele aliyefunikwa shuka, asiyesema neno, ndiye anayeongoza ngoma.

Hospitali nazo zilifika hapo kwa njia yao. Katika miaka ya 1940 daktari Ira Altshuler, huko Marekani, alishauri muziki uanze na hali aliyo nayo mgonjwa, ndipo umvute polepole. Paul Nordoff na Clive Robbins, matabibu wa muziki walioanza kushirikiana Uingereza mwaka 1959, walijibu kwa piano hata kilio cha mtoto. Atakayesema redio yatosha kuliwaza, ajue redio haimwoni anayeisikiliza. Wanazuoni wasemao kumtaka pepo msaada ni shirki, sibishani nao hata kidogo; ninachosifu ni mikono na masikio. Wapo pia wanaodai ngoma hizi ni malalamiko ya wanawake wanyonge tu. Mwaka 1987 mtafiti Linda Giles, aliyeyachunguza mambo haya mwambaoni, alilipinga wazo hilo: katika vilinge vya pepo alikuta pia watu wenye hadhi zao.

Hoja nzito dhidi ya ngoma ni ya degedege na kifafa, ambako usiku mmoja wa kungoja waweza kuua. Hapo hospitali kwanza, bila mjadala. Muziki ni nyongeza tu: hata mapitio ya shirika la Cochrane ya mwaka 2017, yaliyokusanya tafiti 9 zenye washiriki 421, yaliona tiba ya muziki ikipunguza sonona ikiongezwa juu ya matibabu ya kawaida, tena kwa muda mfupi. Huo muda mfupi vilinge vinaujua: aliyepungwa haagwi akaenda zake, bali huitwa tena ngoma ya mwenzake ipigwapo, na safari hii yeye ni miongoni mwa waitikiaji.