Mtenda Asiyetajwa: Uhakiki wa Lugha ya Kusitisha Ajira katika Mazingira ya Gungu, Kigoma

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inamtwisha mwajiri mzigo wa uthibitisho. Ni yeye anayepaswa kuonesha kwamba sababu ya kusitisha ajira ilikuwa halali na ya haki, na kwamba utaratibu uliofuatwa ulikuwa wa haki. Kisarufi, mwajiri ndiye kiima cha sheria hiyo. Lugha ya mtaani na ya ofisini inamwondoa. Mfanyakazi “ameachishwa kazi”, “mkataba umeisha”, “kibarua kimeota nyasi”. Katika *ameachishwa*, kauli ya kutendesha inadai kuwapo kwa msababishi, kisha kauli ya kutendwa inaruhusu asitajwe. Katika nahau ya nyasi hata aliyepoteza kazi hayumo. Kilichobaki ni kibarua na majani yake.

Ni rahisi kuieleza miundo hii kuwa tafsida. Maelezo hayo hayatoshi. Tafsida humstahi anayeambiwa, ilhali hapa anayestahiwa ni msemaji mwenyewe.

Katika kata ya Gungu, Manispaa ya Kigoma/Ujiji, suala hili lina uzito wake, kwa kuwa ajira za uvuvi na uanikaji wa dagaa kwenye mwambao wa ziwa aghalabu hufungwa kwa maneno ya mdomo na huvunjwa vivyo hivyo. Ziwa Tanganyika liliposimamishiwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, sentensi moja ilitosha kumrudisha baharia nyumbani: “ziwa limefungwa”. Aliyelifunga ziwa ni Serikali. Aliyeikatisha kazi ya baharia huyo, ikiwa imekatishwa, ni mwenye chombo. Sentensi inayachanganya matendo mawili kuwa moja, na la pili linapotea ndani ya la kwanza. Mwenye chombo anaweza kujibu kwamba baharia anayelipwa kwa mgawo wa samaki si mwajiriwa. Lakini Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, inaweka dhana ya ajira kwa mtu anayepewa vifaa vya kazi na mwingine, mpaka kinyume chake kithibitishwe.

Athari yake huonekana kwenye kalenda. Kanuni za mwaka 2007 zinampa mfanyakazi siku 30 kufikisha mgogoro wa kuachishwa kazi mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku hizo huhesabiwa tangu ajira iliposita. Mtu aliyeambiwa “pumzika kwanza, tutakuita” anahesabu kutoka wapi? Muda unaweza kuongezwa kwa sababu ya msingi, ila mwenye kuomba ndiye atakayeieleza sababu hiyo. Hivyo utata uliozaliwa na kauli ya mwajiri unageuka kuwa deni la mfanyakazi, kinyume kabisa na mpangilio wa sheria.

Istilahi *kiinua mgongo* nayo inapotosha, ingawa kwa namna nyingine. Taswira yake ni ya ukarimu: mzee aliyeinama anainuliwa. Malipo ya kisheria ni hesabu tu, yaani mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, usiozidi miaka 10, na hayatolewi kwa aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu. Anayeyaona kuwa hisani hatayadai.

Mabadiliko ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria yalijadiliwa zaidi kwa upande wa msamiati. Upande wa kauli za vitenzi haukupewa nafasi inayostahili. Barua isemayo “Ninasitisha ajira yako kuanzia tarehe fulani, kwa sababu hii” ina mtenda, siku na sababu, mambo matatu ambayo Tume huyatafuta. Kwa mwanika dagaa mwenye chini ya miezi 6 kwa mwajiri yuleyule, hata barua hiyo haitamfungulia dai la kuachishwa isivyo haki, kwa kuwa sehemu hiyo ya sheria haimhusu.