Chumvi hainyonyi maji: Kasoro ya kitenzi katika Kiswahili cha sayansi

KATA nyanya na kitunguu, nyunyizia chumvi, kisha uache bakuli kwa dakika chache. Utakuta maji yametuama chini. Ukiuliza yametoka wapi, utajibiwa papo hapo: "Chumvi imeyanyonya." Jikoni jibu hilo halimdhuru mtu. Kasoro ni kwamba kauli iyo hiyo husikika darasani na redioni osmosisi inapoelezwa, na hapo ndipo ninapoipinga.

Kunyonya kunahitaji mnyonyaji. Chumvi haina mdomo, jameni! Molekuli za maji hazitulii. Wakati wote zinavuka utando wa seli kwenda ndani na nje. Palipo na chumvi nyingi, sehemu ya maji ni ndogo, basi yanayotoka kwenye seli ya nyanya huzidi yanayorudi. Hakuna anayevuta. Mtenda katika sentensi hii ni maji yenyewe.

Isitoshe, Kiswahili kina kitenzi kinachoifaa kazi hii: penya. Maji hupenya. Utando hupenyeka, ingawa si kwa kila kitu. Maji huuvuka kwa urahisi, chumvi huzuiliwa. Nayo seli hupenyeza. Pampu yake hutoa ioni tatu za sodiamu na kuingiza mbili za potasiamu, zote zikienda kinyume na mkondo wa kawaida, na kila mzunguko hugharimu molekuli moja ya ATP. Wahenga walisema penye udhia penyeza rupia (wanafunzi wakumbuke kwamba "penye" hapo si kitenzi, ni -enye ya mahali). Seli pia hulipa ili kupenyeza, ilhali maji hupenya bure. Tofauti hii kubwa ya kibayolojia inabebwa na kiambishi kimoja tu, kisha sisi tunaifuta kwa "kunyonya".

Kuna watakaosema huu ni ubishi wa wasomi. Hebu tuangalie ugonjwa wa kuhara. Mwaka wa 1960, mwanakemia Robert Crane alieleza kwamba glukosi na sodiamu huingia katika seli za utumbo kwa pamoja, kupitia mlango mmoja. Vikishaingia, maji hufuata. Hiyo ndiyo kazi ya ORS, na ya mchanganyiko wa nyumbani tunaoujua: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi.

Sasa mzazi ameambiwa sukari "huongeza nguvu" na chumvi "hunyonya maji". Kwa mantiki ya maneno hayo, ataongeza sukari na kuiacha chumvi, na hatakuwa mjinga. Ametii vitenzi alivyopewa. Lakini sukari ikizidi, maji hutoka mwilini kuingia utumboni, na mtoto huhara zaidi. Hata wataalamu walilazimika kuupima upya mchanganyiko wao: mwaka wa 2002, WHO na UNICEF walipunguza sukari na chumvi katika fomyula ya ORS wanayoipendekeza.

Mtangazaji anayesoma maagizo ya kuandaa maji hayo angeweza kusema tu: "Sukari na chumvi hupenyezwa pamoja, kisha maji hupenya nyuma yake." Sentensi yenyewe haichukui hata sekunde kumi hewani.