Kijiko Kilichoadimika na Ustadi wa Kukipatia Mbadala

Miongoni mwa kazi za mikono ambazo hazijapewa heshima zinayostahili ni ustadi wa mvuvi wa ndoana anayetafuta mbadala wa kijiko cha kuvulia kisichopatikana tena madukani. Kijiko cha kuvulia ni chambo bandia cha madini, chenye umbo linalokaribia lile la kijiko cha mezani kilichokatwa mpini, ambacho hufungwa uzi upande mmoja na ndoana upande wa pili, na ambacho kikikokotwa majini huyumba na kumeta hata samaki mla samaki akadhani kuna dagaa aliyejeruhiwa. Kwa kuwa hakina nyama wala harufu, kila kinachomvuta samaki kimo katika mwendo wake, mng'aro wake na mtikisiko unaoenea majini kinapopita.

Hataza ya chambo cha jamii hii ilitolewa Marekani mwaka 1852 kwa Julio T. Buel wa Whitehall, jimbo la New York, na masimulizi yanayopendwa na wavuvi yanadai kwamba alipata wazo baada ya kijiko chake cha kulia kuanguka ziwani na kurukiwa na samaki, kisa kitamu kiasi cha kutia shaka. Hata hivyo, wavuvi wa visiwa vya Polinesia walikuwa wakikokota nyuma ya mitumbwi yao chambo kilichochongwa kutokana na ganda la chaza linalong'aa, wakichagua ganda la rangi hii au ile kwa kuangalia mwanga wa siku, zamani kabla hataza hiyo haijafikiriwa. Anayeshikilia kwamba kijiko cha kiwanda fulani ndicho pekee kinachovua anawasahau watu hao, ambao hawakuwa na kiwanda wala shaba.

Uadimu wenyewe hauna fumbo: kampuni hufungwa au hununuliwa, kalibu huchakaa, na mtengenezaji mpya huchagua madini ya bei nafuu huku akibakiza jina na rangi. Hapo ndipo mnunuzi mwenye pupa hunaswa, kwa kuwa hutafuta kinachofanana machoni. Chukua Dardevle, kijiko chenye mstari mweupe juu ya wekundu kilichobuniwa na Lou Eppinger wa Detroit mwanzoni mwa karne ya 20, ambacho awali kiliitwa Osprey kabla ya kupewa jina lenye harufu ya shetani, nalo likaandikwa kwa tahajia ya kupindapinda ili wacha Mungu wasikwazike. Rangi zake zimeigwa kila mahali, lakini wekundu ndio wa kwanza kumezwa na maji, na mita kadhaa chini ya uso huonekana kama weusi tu, hivyo anayeanza kuchagua kwa rangi anaanza na sifa ambayo samaki wa kina kirefu haioni.

Mjuzi huanza na uzito. Shaba ya manjano, yaani mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, ina takriban gramu 8.5 kwa kila sentimita moja ya ujazo, ilhali chuma kina 7.8, zinki 7.1 na alumini 2.7 tu, maana yake ni kwamba kijiko cha shaba cha gramu 28, kikitolewa kwa umbo lilelile na unene uleule, kitakuwa na gramu 26 hivi kikiwa cha chuma, 23 kikiwa cha zinki, na 9 kikiwa cha alumini, ambacho upepo wa mbele utakirudisha karibu na miguu ya aliyekirusha. Upungufu wa gramu 2 hufidiwa kwa kuvuta uzi polepole zaidi ili kijiko kisipande juu, lakini upungufu wa gramu 5 humlazimu mvuvi atafute bati nene zaidi, na unene huo nao hubadili mwendo.

Baada ya uzito huja mkunjo, na hapa ndipo macho yenye mazoea hutofautiana na macho ya kawaida. Kijiko hushikwa ubavu kikaelekezwa penye mwanga, au mchoro wa ubavu wake ukapigwa kwa penseli juu ya karatasi, kisha mbadala ukawekwa juu ya mchoro huo. Chenye bonde kubwa huyumba kwa mapana hata kikivutwa taratibu, ila kikiharakishwa huacha kuyumba kikaanza kuzunguka kama pia na kuusokota uzi. Kilicho bapa huhitaji kasi, la sivyo huteleza bila uhai. Toby ya kampuni ya ABU ya Svängsta, Sweden, ina mgongo uliopinda mara mbili, upande huu kisha upande wa pili, na kijiko chenye bonde moja hakiwezi kushika nafasi yake hata kikilingana nayo kwa gramu na urefu. Kastmaster ya Marekani ni kisa kingine kabisa, kwani hukatwa mshazari kutoka kwenye nondo ya shaba isiyo na uwazi ndani, na kuitafutia mbadala katika mabati yaliyokunjwa ni kupoteza nauli.

Wapo wanaorudi jikoni, na si la kudharauliwa. Kijiko cha chai kilichokatwa mpini huweza kumvuta kolekole au nguru, mradi kazi ifanywe kwa subira, kwa sababu chuma kisichoshika kutu huwa kigumu zaidi kinaposuguliwa: keekee ikizungushwa kwa kasi huchoma ncha yake na kuacha kitobo nusu, ambapo ikizungushwa taratibu, kwa mafuta na mkono usiolegea, baada ya kutia alama kwa msumari mgumu, hupita. Kingo za tundu husuguliwa kwa tupa ndogo, kisha kipete cha waya hutiwa ili uzi usigusane na madini. Ndoana huja mwisho, nayo mara nyingi ndiyo huharibu kazi nzima, maana ndoana nzito ya ncha tatu huufisha mkia usiyumbe, na ile nyepesi mno huuacha ukipigapiga ovyo.

Kuhusu mng'aro, fedha hurudisha zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za mwanga na kromiamu kama theluthi mbili, lakini katika maji ya tope shaba iliyofubaa haina la kuionea wivu fedha.

Mvuvi aliyebakiwa na kijiko kimoja cha asili hufanya vyema kukiondoa majini kabisa. Wenzake watamwita bahili; yeye atakuwa na kitu cha kupima, kuchora na kulinganisha kila mara duka linapoleta shehena mpya.