Kipimo cha Bechdel kinapima nini hasa?

Juzi tulikaa watu watano kuchagua filamu moja. Wasichana wa kidato cha tatu wanaosoma sayansi wanakuja chuoni kwetu kwa siku moja, na mchana tumewatengea muda wa filamu. Mezani zilibaki tatu: Gravity ya mwaka 2013, Hidden Figures ya 2016, na Supa Modo, ile ya Kenya ya 2018. Mwenzetu mmoja akasema, "Gravity itoke, imefeli Bechdel." Ikatoka. Hakuna aliyebisha, hata mimi. Nilikuja kubisha baadaye kichwani, nikiwa kwenye daladala, ambako ubishi haumsaidii mtu.

Basi acha nibishe hapa.

Kwanza, kwa wasiokijua kipimo chenyewe. Mwaka 1985 mchoraji wa katuni wa Marekani, Alison Bechdel, alichora wanawake wawili wanaotafuta filamu ya kwenda kuona. Mmoja anasema ana masharti matatu: filamu iwe na wanawake wasiopungua wawili, wanawake hao wazungumze wao kwa wao, na wazungumzie kitu kingine zaidi ya mwanamume. Mwenyewe Bechdel husema wazo alilipata kwa rafiki yake, Liz Wallace. Utani uko mwishoni: filamu ya mwisho ambayo yule dada aliweza kuiona ni Alien, ya 1979, kwa sababu wanawake wawili waliomo wanazungumzia lile dubwana. Wanaishia kurudi nyumbani kutengeneza bisi.

Ni katuni, lakini ina sifa ambayo mwanasayansi yeyote angeitamani: masharti yake yanahesabika. Watu wawili wakiangalia filamu moja, mara nyingi watatoa jibu moja. Ndiyo maana mwaka 2014 tovuti ya FiveThirtyEight iliweza kuchambua filamu 1,615 zilizotoka kati ya 1990 na 2013, ikakuta kwamba ni takribani nusu tu zilizofaulu. Hebu geuza masharti hayo: wanaume wawili, wazungumze, na wazungumzie kitu kingine zaidi ya mwanamke. Utahangaika kupata filamu inayofeli! Hapo kipimo kimetuonyesha jambo kubwa kuhusu tasnia nzima.

Tatizo linaanza pale tunapochukua kipimo cha rundo la filamu tukakitumia kuihukumu filamu moja. Kosa hili tunalijua kutoka kliniki. Ile hesabu ya uzito kwa urefu, BMI, chanzo chake ni Adolphe Quetelet, mwanatakwimu wa Ubelgiji wa karne ya 19, aliyekuwa akitafuta sifa za mtu wa wastani katika jamii. Hakuwa akimpima mgonjwa aliyeketi mbele yake. Leo mnyanyua vyuma mwenye misuli anaweza kuambiwa ana uzito uliozidi, na mwenye namba nzuri akaruhusiwa kwenda nyumbani na shida yake ndani. Hesabu haijakosea. Sisi ndio tumeiuliza swali lisilo lake.

Sasa rudi kwenye Gravity. Daktari Ryan Stone, anayeigizwa na Sandra Bullock, yuko angani, chombo kimeharibika, na kwa sehemu kubwa ya filamu yuko peke yake. Anafikiri, anakosea, anasoma maelekezo, anajaribu tena. Filamu nzima imekaa mabegani mwake. Imefeli, ndiyo, kwa sababu hazungumzi na mwanamke mwingine. Lakini ukisema filamu hiyo haimjali mwanamke, utakuwa hukuitazama.

Hidden Figures je? Yenyewe inafaulu mapema kabisa. Gari limeharibika njiani, Dorothy Vaughan yuko chini yake anatengeneza, na Katherine Johnson na Mary Jackson wako pembeni. Wote watatu ni wanahisabati weusi wanaofanya kazi NASA, jimbo la Virginia, enzi za ubaguzi wa rangi. Wanataniana kama watu wanaojuana kazini na nyumbani. Tiki inawekwa, na filamu bado haijakolea.

Lakini endelea kutazama. Katherine anakimbia mbali kwenda choo cha "watu weusi". Bosi wake, Al Harrison, akigundua, anachukua nyundo na kukibomoa kibao hadharani. Ukumbini watu hupiga makofi. Harrison huyo ametungwa kwa kuunganisha watu kadhaa, na tukio hilo halikutokea. Katika kitabu cha Margot Lee Shetterly, ambacho filamu imetoka kwake, Katherine alitumia tu choo kisicho na kibao, akaendelea na kazi zake. Na Dorothy, ambaye kwenye filamu bado anahangaikia cheo cha usimamizi mwaka 1961, kihistoria alikipata mwaka 1949.

Kuna kibao kingine kilichoondolewa kweli. Katika miaka ya 1940, meza ya wanahisabati hao kwenye mgahawa wa kituo ilikuwa na kibao cha kuwatenga. Mmoja wao, Miriam Mann, alikichukua akakitia mkobani. Kikarudishwa. Akakichukua tena. Ikawa hivyo hadi siku moja hakikurudi. Fikiria mazungumzo ya wanawake wale mezani kila kilipotokea kipya! Hayo ndiyo mazungumzo niliyotaka kuyasikia, na filamu iliyofaulu kipimo imeyaacha, ikamkabidhi nyundo mwanamume wa kubuni.

Sisemi ni filamu mbaya. Ina tukio moja, pia la chooni, ambapo msimamizi mweupe anamwambia Dorothy kwamba yeye hana ubaya wowote nao, na Dorothy anamjibu kwa upole kwamba anaamini mwenzake huyo anadhani hivyo kweli. Sentensi chache tu, lakini ndani yake mna cheo, rangi na adabu inayokata. Kwa Bechdel, tukio hilo lina uzito sawa na wanawake wawili wanaoulizana saa.

Ndiyo maana, nikishamaliza masharti matatu, mimi huuliza maswali mawili zaidi. Mazungumzo yale yakiondolewa, filamu inabadilika? Na jambo likibadilika, nani amelibadilisha? Yapime kwenye Supa Modo. Jo ni mtoto mgonjwa ambaye hatapona, na anaota kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu. Dada yake, Mwix, anataka aachwe aishi ndoto hiyo. Mama yao anataka atunzwe ndani, apumzike. Ondoa mabishano ya mama na binti yake, huna filamu tena. Na kijiji kizima kinapojiunga na ndoto ya Jo, aliyekianzisha ni Mwix.

Haya niliyaandika kwenye kundi letu la WhatsApp usiku uleule. Tulibishana hadi saa sita, safari hii kwa hoja. Gravity imebaki nje, na sasa nakubali, ila kwa sababu nyingine: wasichana hawa wengi tayari ni wachache kwenye madarasa yao ya fizikia, na sikutaka siku hiyo wamwone tena mwanasayansi mwanamke akiwa peke yake. Supa Modo tumeipangia siku yake. Tutaonyesha Hidden Figures, na nyundo ikishamaliza kazi yake nimeomba tusimamishe kwa dakika kumi. Nitawasimulia habari za mkoba wa Miriam Mann, kisha niwaulize wangeliandikaje tukio hilo wao.