Chumvi Ikolezayo Nani? Uadilifu wa Amani na Imani katika Kidagaa Kimemwozea

Riwaya ya Kidagaa Kimemwozea (2012) ya marehemu Ken Walibora ilitahiniwa katika KCSE kutoka 2013 hadi 2017. Ingawa imeshatoka kwenye orodha, wengi wetu huku Mabanga na Kitale tungali tunaisoma na wanafunzi wetu, na si kwa sababu tu mwandishi alikuwa wa huku kwetu.

Majibu kuhusu Amani na Imani hufanana mno. Mtahiniwa hutaja sifa (mwadilifu, mvumilivu, mwenye utu), akatoa tukio moja, akapita. Wanaosoma pia somo la dini huongeza mfano wa chumvi na wa taa katika Mathayo sura ya 5, wakidhani wamemaliza. Lakini chumvi haijikolezi yenyewe. Swali la kuulizwa ni: uadilifu wa wawili hawa unambadilisha nani?

Unambadilisha Dora. Imani anapoingia nyumbani kwa Mwalimu Majisifu anakuta watoto walemavu wanaoonewa haya na wazazi wao. Hamhubirii mtu. Anawahudumia kwa mapenzi tu, na mama mwenye watoto, kwa kumtazama kijakazi, anaanza kuwaona kuwa ni binadamu. Hapa ndipo sanaa ya Walibora inapokomaa, kwani funzo linapanda kutoka chini kwenda juu: mtumishi anamfunza bibi wa nyumba.

Majisifu ni mgumu zaidi. Huyu ni mlevi aliyeiba mswada wa Amani, na toba yake imechanganyika na fedheha ya wizi huo. Mtahiniwa anayedai kuwa wema wa Amani pekee ndio uliomgeuza ameirahisisha riwaya.

Kisha kuna Mtemi Nasaba Bora. Amani anamchungia ng'ombe, anamtumikia kwa uaminifu, na malipo yake ni kipigo cha kumtoa roho kwa kushukiwa na Bi. Zuhura. Wengi humlinganisha na Yusufu wa Mwanzo 39, na si vibaya, ila watambue tofauti: huku mume anayeshuku ndiye mzinifu mwenyewe. Mtemi habadiliki hata chembe.

Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu aliwahi kuuliza: kama wema hulipa, mbona mtoto Uhuru alikufa? Amani na Imani walimwokota, wakamlea, wakamkimbiza zahanati, wauguzi wakampuuza. Alipofariki, wao ndio waliotiwa korokoroni. Sikumpa jibu la haraka. Kitabu cha Mithali, kwa jumla, humwahidi mwenye haki baraka. Kitabu cha Ayubu kinaikatalia ahadi hiyo wepesi wake, na kwa maoni yangu Walibora yuko karibu zaidi na Ayubu. Kwa hiyo mtahiniwa akihoji kwamba uadilifu haukuwaletea wawili hawa ila mateso kwa sehemu kubwa ya riwaya, akathibitisha, tusimnyime alama eti kwa kuwa hakuandika tulichokitarajia.

Wa kuangaliwa zaidi, na anayesahaulika sana, ni Madhubuti. Amelelewa katika jumba lile lile la Mtemi, na bado anachagua kusimama na Amani dhidi ya dhuluma za babake. Je, Amani ndiye aliyemgeuza, au alimkuta tayari ameiva? Hilo ni swali zuri la insha kuliko "Eleza sifa sita za Amani".