Kanisa la mbao ndani ya pango

Katika masomo ya historia ya Eklezya tunafundishwa juu ya makanisa ya Ulaya ya wakati wa kati: Chartres, Vézelay, na yale madogo ya vijijini yenye mnara mfupi na kengele moja. Basi padri kijana akitumwa Masisi ao Walikale, na wakristu wakimwomba shapeli huko mlimani, mara moja anachora dirisha lenye ncha juu. Ukuta ni wa mbao, lakini ncha ni ya simenti, tena inapakwa rangi ipate kufanana na jiwe. Ndugu wasomaji, dirisha lile ni uongo mdogo ndani ya nyumba ya Mungu. Nataka tuangalie kanisa lingine la wakati ule ule, la hapa Afrika, lisilodanganya mtu.

Linaitwa Yemrehanna Krestos. Liko Etiopia, katika milima iliyo karibu na Lalibela, juu ya meta 2,500, kwenye baridi kama ile ya malisho yetu ya Masisi. Wahabeshi wanasimulia kwamba lilijengwa na mfalme mwenye jina hilo, wa ukoo wa Zagwe, aliyekuwa pia padri. Ni mambo ya karne ya 11 ao ya 12. Limesimama ndani ya pango kubwa, na pango ndilo mwavuli wake. Mimi nalijua kwa picha tu, lakini picha zatosha kuona kazi ya mafundi.

Tazameni ukuta. Walilaza boriti ndefu, juu yake safu ya mawe yenye lipu nyeupe, tena boriti, tena mawe, toka chini hata juu. Safu moja inatokeza kidogo, ingine inarudi ndani. Weusi wa mti na weupe wa lipu ndio pambo lote la inje, na boriti zile zile ndizo zinazofunga ukuta usianguke. Madirisha yana vibao na mawe yaliyotobolewa kwa namna ya misalaba, na mwanga unaingia kidogo kidogo. Ndani kuna nguzo na matao, na juu dari ya mbao iliyokatwa vipande vipande, kila kipande na nakshi yake na rangi yake: misalaba, mafundo, wanyama. Ningekuwa mwalimu wa waseremala, ningeanzia dari ile.

Vyombo ni vichache. Katika makanisa ya Wahabeshi mabenchi si desturi: watu wanasimama, waimbaji wakiegemea fimbo, na ngoma ni chombo cha kanisa tangu zamani. Patakatifu pamefungwa kwa pazia, na ndani yake yamo tabot, kibao kitakatifu ambacho padri anaadhimisha Misa juu yake.

Mtu atanijibu: hata Wahabeshi waliiga. Ni kweli. Baadaye, katika Lalibela, kwenye makanisa 11 yaliyochongwa katika mwamba, kuna moja, Biete Amanuel, ambalo ukuta wake ni jiwe tupu lililochongwa lifanane na safu za boriti na mawe. Jiwe linajifanya mti! Neno hili lilinisumbua siku nyingi. Lakini wale waliiga nyumba za baba zao, ambazo kila mkristu aliyeingia alizitambua. Sisi tunaiga nyumba ambayo katekista wa Walikale hajaiona hata kwa picha.

Wala sisemi tuchukue kila kitu. Pazia lingewaficha wakristu wetu altari, ambayo tangu Mtaguso wa Vatikani II tunataka waione. Tena sisi hatuna pango. Tuna mvua ya Masisi, na ukuta wa mbao bila paa lililotokeza sana utaoza upesi. Mtaguso wenyewe, katika 1963, ulisema kwamba Eklezya haikuchagua mtindo mmoja wa ujenzi kuwa wake.

Neno hili linatugusa zaidi kwa sababu ya vita. Watu wa Masisi na Walikale wamekimbia mara nyingi, na wakirudi wanaanza upya. Simenti inapanda mlima kwa bei kali. Mti uko: mikaratusi ya Masisi, mbao nyekundu za msitu wa Walikale, na mafundi wanaojua kuziunganisha. Shapeli iliyojengwa kwa maarifa yao inaweza kusimamishwa tena na wakristu wenyewe, bila kungoja franka kutoka mbali. Manjanja yanunuliwe, sawa; lakini madirisha tuwaachie wao. Seremala anayetengeneza vitanda vya sokoni anaweza kutoboa msalaba katika kibao. Padri ampe kibao kikavu, na siku mbili za kazi, na asimpe mchoro.