Injini ya Mseto

Uani kwetu Kahama tuliwahi kufufua injini ya lori la baba mdogo: Bedford ya Kiingereza iliyovishwa vipuri vya Isuzu ya Kijapani. Ilipowaka, majirani walipiga vigelegele, nami nikajiona fundi. Leo naihakiki kazi ile kama mtu ahakikivyo shairi lake la ujanani.

Kuchanganya hakukuwa kosa. General Motors ilijitoa katika malori ya Bedford miaka ya 1980, na mwenye pamba Shinyanga au mawe ya dhahabu Geita hawezi kungojea kipuri kisichoundwa tena. Kosa letu lilikuwa kuliamini jicho. Bedford ilipimwa kwa inchi, Isuzu kwa milimita. Spana namba 13 huingia katika nati ya nusu inchi, yaani milimita 12.7, mkono hudhani imekaa, kumbe inakula kona za nati. Kwenye metali za kranki mambo ni mazito zaidi: nafasi ya kupitisha oili huhesabiwa kwa sehemu ya mia ya milimita. Hapo sisi tulikaza, tukazungusha kwa mkono, tukasema, "Inatosha."

Njiani kuelekea Geita, lori likiwa limesheheni mawe ya kupeleka kwenye karasha, injini iligonga, kisha ikakwama. Baba mdogo alimlaumu dereva, akamwachisha kazi. Mimi niliyezikaza metali zile nilinyamaza.

Basi, msomaji, hukumu yangu ni hii: injini ile haikuuawa na mseto. Iliuawa na ile "inatosha" yetu, na aliyelipa ni dereva.